Kishikwambi cha baba kiligoma kuwaka, fundi wa Aggrey nampa nyota nne

Baba aliposhika kishikwambi chake mara ya kwanza baada ya kutolewa mtoto wa jicho alibonyeza kitufe akaona giza, akabonyeza tena giza, akatulia kidogo af akamwambia mdogo wangu, mwanangu hebu nirudisheni hospitali, haya macho bado. Mdogo wangu akakichukua akabonyeza, na yeye akaona giza lile lile. Hapo ndo tukajua macho ya mzee mazima, mgonjwa ni mwingine.

Sasa kabla sijamfikia huyu fundi ambaye ndo nataka nimuelezee, mjue kwanza hicho kifaa ni cha namna gani. Ni Android ya inchi 8, ya miaka ya nyuma, tundu la chaji ni lile la zamani la maikro, sio taipu C. Kampuni siitaji, maana mtaona mbele kosa lilikuwa letu wenyewe. Baba anakaa Muheza ana michungwa yake, na hicho kishikwambi ndo ofisi nzima: kapiga picha karatasi zote za shamba, hesabu za machungwa ziko humo, madalali wanaodaiwa wako humo, mawaidha ya kusikiliza usiku, picha za wajukuu, kila kitu. Macho yalipoanza kuwa na ukungu akakiweka kabatini akasema nikipona ntakitoa. Kikakaa miezi mitano. Hamna aliyekizima, hamna aliyekichaji, tulikuwa tunahangaika na mzee nani akumbuke tableti.

(Sisi watoto tunasema tableti, yeye ndo anasema kishikwambi. Ni mwalimu mstaafu, na makarani wa sensa ya 2022 walivyotumia vishikwambi halafu baadae walimu wakagawiwa, wenzake walikuwa wanakuja navyo nyumbani kumuonyesha, neno likamkaa. Mi nshazoea sasa.)

Tulianza matibabu kwa simu, mi niko Kimara, mdogo wangu yuko Muheza. Nikamwambia chomeka chaji usubiri. Akachomeka dakika kumi hamna kitu, hata kale kaalama ka betri hakaji, akachomoa akanipigia kimekufa. Nikamuuliza umechomeka chaja gani, ananijibu ya simu ya kitochi. Ya kitochi! Nikamwambia isome ilivyoandikwa pembeni, akasoma 5V 0.5A. Ile iliyokuja na kishikwambi ilikuwa ya 2A, yaani mara nne ya hiyo, sema ilishapotea zamani. Na betri za hivi vitu ni kubwa, ya baba ni miliampia 5,000 na ushee, zipo za 7,000 na kuendelea, sasa ukiichomekea nusu ampia ni kama kujaza simtanki kwa kikombe cha chai. Tena betri ikiwa imekauka kabisa haikupi picha hapo hapo hata na chaja nzuri, unaweza kukaa nusu saa au lisaa unaangalia kioo cheusi na kumbe ndani chaji inaingia. Nikamwambia kaazime chaja ya simu kubwa, chomeka, kaangalie mpira.

Akaazima kwa jirani, akaacha usiku kucha. Asubuhi giza. Tukajaribu na ile ya kushika kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, nikamwambia usiachie, hesabu mpaka thelathini, maana baadhi ya Android zikiganda ukibana hivyo zinajizima na kuwaka upya. Kimya. Ila akaniambia kitu kimoja ambacho nilikipuuza na kumbe ndo kilikuwa jibu, kwamba alipokuwa anatikisa waya wa chaji kuna mara moja kilitetemeka kidogo, kama mtu kakubipu, af kimya.

Basi akakifunga kwenye khanga ya mama, akakiweka kwenye boksi na machungwa juu (eti yasigonge), akampa kondakta, nikaenda kupokea stendi ya Magufuli Mbezi. Machungwa yalifika salama pia, kama mnauliza.

Fundi wa kwanza ni wa karibu na kwangu, sitasema wapi wala nani. Kakishika kama dakika tatu. Kabonyeza, kachomeka chaja yake, kakigeuza, kakisogeza puani akanusa, af akanirudishia macho ya pole: sista hii bodi imeungua. Nikamuuliza umejuaje na hujafungua? Uzoefu, sista. Bodi mpya laki na nusu na haipatikani, bora niachie nikupe elfu ishirini nifanye spea. Nikasita. Akaona nasita akasema au tujaribu kuiflashi, yaani kuiwekea programu upya, elfu thelathini, ikigoma hela hairudi. Mi sio fundi ila nilijiuliza, mtu kaniambia bodi imeungua, sasa anaflashi nini, majivu? Na hapo nikawaza karatasi za shamba za baba, maana kuflashi mara nyingi kunafuta kila kitu. Nikachukua mali yangu nikaondoka, akanifuata mpaka mlangoni elfu ishirini ikawa thelathini. Mtu anayekwambia kitu kimekufa af anakipandia dau huku unatembea, huyo anajua hakijafa.

Jumamosi nikapanda mwendokasi, nimesimama Kimara mpaka Msimbazi bila hata pa kushika vizuri, nikashuka nikatembea mpaka mtaa wa Aggrey. Wanaojua Kariakoo wanajua, pale na Likoma ni simu tu, kioo, kaveri, betri, kelele, kila hatua mtu anakuuliza dada kioo dada kioo. Huyu fundi nilielekezwa na mwenzangu wa kazini, yuko ndani kwenye korido, ana meza moja yenye taa na maikroskopu na watu sita wamemzunguka. Nilimwambia nitamuandika akasema sista usinitaje jina, foleni hii tu inanishinda. Kwaiyo simtaji, wa pale watamjua kwa sifa.

Sasa tofauti niliiona hata kabla hajakishika. Aliniuliza maswali matatu akiwa bado anamalizia simu ya mtu. Mara ya mwisho kiliwaka lini? Kilishaanguka au kulowa? Mlikuwa mnachaji na nini? Nikamueleza kabati la miezi mitano, chaja ya kitochi, na ule mtetemo wa mara moja. Aliposikia mtetemo akainua kichwa. Akasema hicho hakijafa, hicho kina njaa na mlango mbovu.

Akachukua kidude kidogo kama flashi, kina tarakimu, akakichomeka kwenye chaja yake af waya ukatoka pale kuingia kwenye kishikwambi. Kikasoma voliti tano na ampia 0.00. Akasema ona, moto upo mlangoni ila ndani hamna anayepokea. Akausukuma waya juu kidogo kwa kidole, ikaruka 0.07, akaachia, ikarudi sufuri. Hiyo 0.07 akanielezea, betri ikishuka sana kifaa hakiruhusu chaji iingie kwa nguvu, kinaionjesha kwanza kidogo kidogo mpaka ipande ndo kinafungulia. Kikiwa kizima na kina njaa ya kawaida utaona ampia moja na kuendelea. Mi kwa dakika ile moja nilielewa zaidi kuliko wiki nzima ya kupigiana simu na Muheza.

Akamulika kwenye tundu la chaji akaniita niangalie kwa maikroskopu. Jamani. Kulikuwa na pamba pamba ya mfukoni, vumbi jekundu la shamba, na kwenye zile pini ndogo kuna kutu ya kijani kama ile ya hela za shaba. Baba alikuwa anatembea nacho shambani kwenye unyevu, mfukoni mwa koti, ndo matokeo. Fundi akatoa uchafu kwa kijiti cha mbao, af mswaki wenye spiriti. Nikamwambia mi nyumbani huwa natumia pini ya nguo akashtuka kweli, kasema chuma humo ndani unapinda pini au unapiga shoti, bora hata kijiti cha meno na kifaa kikiwa kimezimwa. Haya nimesikia.

Kilivyosafishwa kikasoma 0.07 bila kusukumwa, ila ukigusa waya inapotea. Akasema mlango umelegea ndani, tufungue. Na alisema "tufungue" akingoja nikubali, sio kwamba kashafungua ndo ananiambia bei. Nikauliza kufungua bei gani, akasema kupima bure, kutengeneza ndo tunaongea.

Akazungusha kikadi cha plastiki pembeni mfuniko ukatoka. Kitu cha kwanza alichomoa betri. Akaipima kwa mita yake ikasoma voliti 2.4. Hapo akanipa somo na mimi nawapa kama nilivyolielewa: betri hizi zikijaa zinasoma 4.2, kuna nyingine 4.35, ikishuka kwenye 3.3 hivi kifaa kinajizima chenyewe ili kisiimalize. Lakini hata kikiwa kimejizima kinaendelea kunyonya tonetone, na betri yenyewe inavuja kidogo kidogo, kwaiyo ukikiacha kabatini miezi kikiwa tayari kwenye sifuri inashuka chini ya mstari, huko chini ulinzi wake unaikata au chaji inagoma kuingia. Ndo maana vitu vingi vinavyokuja kwake "vimekufa" sio vilivyoanguka, ni vilivyowekwa. Akasema ukitaka kuweka kifaa muda mrefu kizime kabisa kikiwa na chaji kama nusu, na uwe unakichungulia kila baada ya miezi miwili mitatu. Jaji yeyote angetukuta na hatia sisi.

Sasa hapa ndo pa utamu. Betri ikiwa pembeni mezani, akashika waya mbili za pawa saplai yake, ile mashine yenye sindano, akaziweka pale betri inapokaa kwenye bodi. Akaniambia sasa tuulize bodi yenyewe, sio tuulize pua. (Nilishamsimulia habari ya fundi aliyenusa, mezani walicheka mpaka kijana wa kioo akadondosha skrubu.) Kasema angalia sindano: nikiweka tu waya kabla sijabonyeza kitu na sindano ikaruka juu, hiyo ni shoti, kuna kitu kimeungua kweli. Sindano ikatulia sifuri. Nikibonyeza ikapanda kidogo ikagandia pale pale, kuna tatizo kwenye moyo wa bodi au programu. Ikipanda ikashuka ikapanda inacheza cheza, bodi inafikiri, ni nzima. Akabonyeza. Sindano ikainuka, ikashuka, ikainuka zaidi, na kioo cha baba kikaleta nembo. Bila betri. Mfuniko wazi, utumbo nje, nembo inawaka.

Nilipiga kelele kidogo, siwafichi. Bodi iliyoungua ya laki na nusu iko wapi jamani.

Na ndo nikamuuliza kuhusu kuflashi, akasema kuflashi kuna kazi yake, kama kifaa kinawaka kinaishia kwenye nembo kinarudi kinaishia kwenye nembo, au kioo cheusi lakini ukichomeka kwenye kompyuta kompyuta inakiona. Kisichopokea moto unakiflashije, ni kama kumshonea suti mtu aliyezimia.

Betri akaiamsha kwa ile ile pawa saplai, akaibana isizidi 4.2 na ampia 0.2 tu, mkono wake juu ya betri muda wote anasikiliza kama inapata joto. Aliniambia wazi kwamba ingekuwa imevimba angeitupa, na ingesoma chini ya 2 asingeihangaikia, angeniambia ninunue mpya, maana betri iliyokaa chini sana inaweza kuharibika ndani na ukiilazimisha chaji ndo zile za kushika moto. Kwaiyo we unayesoma usiende kujaribu kuunganisha waya nyumbani kisa umeona video. Baada ya kama robo saa ikasoma 3.1, akairudisha kwenye kifaa.

Mlango wa chaji ndo ulichukua muda. Kwenye hiki kifaa tundu la chaji limekaa kwenye kibodi chake kidogo, mafundi wanaita sistimu chaji, kinaungwa na bodi kubwa kwa utepe, kwaiyo sio lazima uchomee risasi (ile ya kulehemu), unabadilisha kibodi chote. Akamtuma kijana duka la jirani. Kijana akarudi na kibodi ambacho utepe hauingii. Akarudishwa. Akapotea. Mi nimekaa kwenye stuli isiyo na mguu mmoja mzima, joto, harufu ya bloa ya hewa moto na risasi, nimefika saa nne asubuhi na hapo ni saa saba mchana.

Ila kukaa pale ni darasa. Alikuja mama mmoja na iPad mpya mpya, ile isiyo na kitufe cha chini, analalamika imezima jana usiku ikiwa na chaji ya kutosha na kuna mtu kashamwambia kioo laki tatu. Fundi hakukaa hata chini. Akabonyeza kitufe cha sauti kilicho karibu na kile cha juu akaachia, akabonyeza cha pili akaachia, af akashikilia kile cha kuwashia cha juu, akawa anaendelea kuongea na mtu mwingine huku kakishikilia, mara tufaa likatokea. Ilikuwa imeganda tu. Kasema zile za zamani zenye kitufe cha nyumbani unashikilia hicho na cha kuwashia kwa pamoja basi. Hela hakutaka, mama akaacha elfu tano ya soda kwa nguvu. Mwingine alikuwa kijana na tableti yake "haiwaki", lakini ukiichomeka inatoa mlio. Fundi akazima taa ya meza, akamulika tochi ya simu kwenye kioo kwa kuilaza pembeni, ukiangalia vizuri unaona picha kwa mbali kama kivuli. Taa ya ndani ya kioo ndo imekufa. Akamwambia hii inawaka bwana mdogo, wewe ndo huioni. Nikamkumbuka baba nikacheka peke yangu.

Kijana wa sistimu chaji akarudi na ya pili, ikaingia. Kidude cha tarakimu kikasoma 0.08, ikakaa hapo dakika kadhaa, af ikaruka 0.9, ikafika 1.4 na haikutetereka hata waya ukitikiswa. Asilimia moja ikatokea kwenye kioo. Alikataa kunipa hapo hapo, kasema subiri ifike asilimia kumi niizime niiwashe mara tatu mbele yako. Nimetoka pale saa tisa.

Bei: sistimu chaji elfu kumi na tano, ufundi elfu ishirini, jumla elfu thelathini na tano. Aliyenusa alitaka laki na nusu, mnaona wenyewe. Hakuniomba neno la siri la baba hata mara moja, na picha ya kufungia ni mjukuu wangu, hapana mwanangu, samahani, mjukuu wa baba, basi alimwangalia akasema mtoto mzuri akageuza kifaa kifudifudi. Hiyo heshima mi naihesabu.

Sasa nyota ya tano kwa nini simpi. Kwanza risiti hamna, ukiomba anakuandikia kwenye karatasi ya boksi la kaveri. Garantii ni ya mdomo, wiki mbili, na kuna kistika kadogo kabandikwa ndani eti ukifungua pengine imevunjika, sawa, lakini karatasi je? Pili muda, ukienda Jumamosi panga siku nzima, na ukisimama pembeni mwenye kelele anahudumiwa kabla yako, mi mpole nilirukwa mara mbili. Tatu vitu vyangu na vya watu vimechanganyika mezani, kuna wakati aliinua mfuniko wa mtu mwingine akajaribu kuufunga kwenye chetu. Angekuwa na visahani tu, kila mteja na kisahani chake, basi. Na nne nimeiona nyumbani, kona ya juu kuna mkwaruzo mpya wa kile kikadi na kitufe cha sauti kimekuwa kigumu kidogo kuliko zamani.

Ila kwa kujua tatizo, yaani kupima kitu kabla ya kukitukana, sijakutana na wa kumfikia. Kwenye hilo ningempa hata sita.

Wakati naondoka nikanunua kile kidude cha tarakimu, mtaa wa nyuma, elfu kumi na mbili. Nakisifia na hiki humu humu. Hakipimi kwa usahihi wa maabara, nikikilinganisha na cha fundi kilitofautiana kidogo kwenye tarakimu ya mwisho, na juani hakisomeki kabisa. Lakini kimenifungua macho. Nyumbani tulikuwa na chaja sita, mbili zimeandikwa 2A kwa maandishi ya kujiamini na hazivuki 0.6 hata kwa dua. Halafu waya, huo ndo uchawi wenyewe: chaja ile ile, simu ile ile, waya mmoja unapeleka 1.6 mwingine 0.4, na kwa macho ni mapacha. Nimetupa waya nne siku hiyo. Mume wangu sasa kila akipita anachomeka kitu, juzi kapima taa ya yuesibii ya mtoto. Kama una vifaa zaidi ya vitatu ndani, elfu kumi na mbili hiyo haiumi.

Chaja ya baba nimemnunulia ya 2A, nikaipima dukani mbele ya muuzaji na kidude changu, muuzaji wa kwanza akanikatalia nisipime, nikavuka barabara kwa wa pili. Nikafunga kila kitu kwenye khanga ile ile, boksi lile lile, kondakta yule yule.

Ni wiki ya tatu sasa. Karatasi za shamba zipo zote, madalali wote wapo na madeni yao, wawili washapigiwa. Chaji haikai kama zamani, asubuhi 100 magharibi iko 30, na hili fundi alinionya kabisa, kasema betri iliyolala chini vile hairudi na nguvu zake zote, nitafute mpya, kama elfu thelathini na kitu na kuivalisha. Nitaipeleka kabla msimu wa machungwa haujachanganya maana hapo baba hakiachii mkononi.

Jana kanipigia kwa video, uso umejaa kioo kizima kama kawaida yake, paji la uso tu ndo linaonekana.

Shikamoo baba.

Marahaba mwanangu. Nakuona vizuri, mpaka nakuona umenenepa. Sasa huyo kijana wako wa Kariakoo mwambie ahsante, lakini muulize hiki kitufe cha sauti kakifanyaje, nabonyeza mpaka kidole kinauma.

Nikamtumia fundi ujumbe. Kajibu na sauti, nyuma yake bloa inavuma: sista, mwambie mzee akija Dar apite, cha sauti ni dakika tano. Na aje na machungwa.